Mama Pasta na Kitabu cha Majoka

Mara ya kwanza nilipomsikia Mama Pasta akicheka, alikuwa peke yake nyuma ya nyumba yake, amevaa miwani ya marehemu mume wake, na juu ya mapaja kulikuwa na kitabu alichoninyang'anya mimi. Mama yangu alikuwa amenituma nimpelekee maziwa. Nilisimama penye kona nikiwa na chupa mkononi, nikaona mabega yake yanatikisika. Kabla sijapiga hodi akainua kichwa, akageuza kitabu anionyeshe mchoro: joka changa limekwama katika mlango wa nyumba ya mtu, kichwa ndani, matako nje.

"Weye," akasema, "hii nyama imeshikwa mu mulango juu ya nini?"

Nilidhani ananitega. Huyu ndiye aliyenikamata katika mafundisho ya ubatizo, kitabu hicho nimekificha ndani ya kitabu cha nyimbo, akakichukua bila neno na kukisukuma chini ya Biblia yake. Kanisani kwetu hapa Bunia wasichana hatukumwogopa mtu kama tulivyomwogopa yeye. Pasta mpya alikuwa akihubiri kwa maiki na spika mbili; Mama Pasta alikuwa akikohoa tu, na benchi letu lote linanyooka. Mume wake alikuwa pasta wetu wa zamani. Alipokufa kwa ugonjwa, kanisa lilihitaji nyumba kwa ajili ya yule aliyemfuata, basi yeye akahamia mtaa wa Saio, katika lupango, kiwanja kidogo chenye ua wa matete. Cheo cha mume kikabaki kuwa jina lake. Sikuwahi kusikia mtu mzima akimwita vingine.

Nikamjibu kwamba joka lilisikia harufu ya mkate.

"Mukate!" akasema, akacheka tena, akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Ikaa. Uanze pa mwanzo. Nijue ni uchawi gani uko unaingiza mu kanisa."

Kitabu kilikuwa cha vijana, cha Kifaransa, na mjomba wangu, ambaye ni dereva, alikipata kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao. Mama Pasta alisoma Biblia ya Kiswahili bila shida, lakini Kifaransa chake kilikuwa cha salamu na cha sokoni. Kwa hiyo nilisoma kimoyomoyo sentensi moja, kisha nikaisema kwa Kiswahili. Hivyo ndivyo tulivyofanya toka siku ile, mimi nikitoka shule na yeye akitwanga sombe.

Kutwanga ndiko kulikonifundisha kusoma mbele ya watu, maana ilinibidi nipaze sauti juu ya mchi. Alitwanga majani ya muhogo kila mchana, mengine ya kupika, mengine ya kuuzia akina mama waliochelewa kurudi kutoka sokoni. Niliweza kujua kama hadithi inamshika kwa kusikiliza kinu. Palipokuwa na maelezo marefu ya milima na theluji, mchi ulienda haraka. Msichana wa kitabu alipoingia pangoni, mchi ulipunguza mwendo. Joka zee lilipofungua jicho moja, mchi ulisimama hewani, mikono yote miwili imeushika, na majani yakabaki chini yakisubiri.

Alikuwa mkali na maneno. Majina ya kitabu yalimchosha ulimi, akayatupa yote. Msichana akawa Binti. Joka zee, lililokuwa limepofuka jicho na kujaa hekima, akaliita Muzee. Ndugu wa kulelewa wa yule msichana, mvulana mwenye hasira aliyejua kupiga mluzi, akamwita Kijana. Neno joka lenyewe hakulipenda. Joka ni la Ufunuo, alisema, na tunajua ni nani. Basi majoka yakawa nyama ya mabawa, kwa kuwa kwetu mnyama yeyote huitwa nyama. Tulibishana zaidi juu ya ule uwezo wa Binti wa kuponya kwa kugusa na kuwasha moto kwa neno. Nilisema uchawi, akanikatalia kabisa. Nilisema miujiza, akakasirika zaidi.

"Muujiza ni wa Mungu. Hapana kuuweka mu mikono ya mutoto."

"Sasa tuseme nini, Mama?"

Akafikiri, akaokota jani lililoruka nje ya kinu. "Huyu mutoto, kila akifanya ile kazi, mikono yake inakuwa baridi, si ndiyo? Inamuchokesha?"

"Ndiyo."

"Kama inamuchokesha, ni ufundi. Sema ufundi."

Ikawa ufundi. Mpaka leo nikisikia mafundi wakipiga misumari mahali, sehemu ndogo ya akili yangu inangoja majoka.

Mtu huyuhuyu alisimama kila Jumatano mbele ya kundi la akina mama na kukemea hirizi, ndoto za kununuliwa na manabii wa maji yenye chumvi. Alikemea kwa moyo wote. Halafu siku moja, katikati ya fundisho juu ya subira, nikamsikia anasimulia habari za mzee mmoja kipofu wa jicho moja aliyekaa pangoni miaka mingi akilinda mayai yasiyo yake. Akina mama waliitikia amina. Mmoja aliuliza ni katika kitabu gani cha Biblia. Mama Pasta akakohoa.

Habari ziliwafikia wazee wa kanisa. Wakaja wawili Saio, wamevaa makoti, wakakaribishwa viti. Mkubwa wao akasema wamesikia mama anafundisha wasichana mambo ya majoka.

"Sifundishi," akawajibu. "Niko nafundishwa. Mwalimu ndiye huyu." Akaninyooshea mchi.

Nikatamani kuingia ndani ya kinu. Akaniambia nisome, wasikie wenyewe kama kuna ubaya. Nilisoma pale Binti anapogawia joka changa chakula chake, na kijiji kinamcheka. Mzee mkubwa alisikiliza huku ametazama viatu vyake, kisha akasimama na kusema atatuombea. Yule mwingine alibaki nyuma kidogo. Akauliza kwa sauti ya chini: "Hii nyama, huko kwao wanaikulaka?"

Mama Pasta aliisimulia habari hiyo mwaka mzima.

Hatukuwa wawili tu. Ng'ambo ya barabara aliishi mama mmoja mjane, rika la watoto wakubwa wa Mama Pasta, na siku nyingi alivuka na ungo wake wa maharage akaja kuchambua akisikiliza. Mume wake alikuwa dereva wa lori. Watu wenye silaha walisimamisha lori lake barabarani, mbele ya Iga Barrière, wakalichoma, na yeye hakurudi. Ni akina nani hasa waliofanya hivyo, hakuna aliyejua kwa hakika. Kila mtaa ulikuwa na jibu lake. Mjane huyu hakupenda sana majoka. Alimpenda Binti, kwa sababu Binti alifanya kazi. Lakini alikuja, na Mama Pasta alimwekea kigoda kabla hajafika, na sombe ya pale iligawanywa sufuria mbili.

Jambo moja hawakuligusa, na sisi wengine hatukuligusa mbele yao. Mama Pasta alikuwa na watoto walioolewa mbali, na kitinda mimba mmoja wa kiume. Alipokuwa bado mwanafunzi, vurugu zilipopamba moto huko Djugu, alitoka nyumbani na vijana wengine na kuingia msituni kwa wenye silaha. Hakubebwa kwa nguvu, wala Mama Pasta hakudai hivyo. Kitanda chake kilikuwa kimetandikwa katika chumba cha nje, na kila baada ya mvua alipeleka lile godoro juani, akalirudisha jioni. Mjane wa ng'ambo alikuwa akimsaidia kulibeba. Mmoja alishika huku, mwingine kule, wakizungumza juu ya bei ya mafuta.

Kitabu cha kwanza kilitufikisha pabaya. Katika kurasa za mwisho Kijana anagombana na Binti, anapanda joka jeusi lililoibiwa, na kuruka kwenda kujiunga na watu wanaochoma vijiji. Binti anabaki juu ya jiwe akiita. Hapo kikaisha.

Mama Pasta alishika kitabu, akakipindua, akapapasa jalada la nyuma kana kwamba kurasa zimenasa. "Ni mwisho?"

"Kuna cha pili, Mama. Wameandika hapa. Tome deux."

"Kiko wapi?"

Sikujua. Bunia haikuwa na duka la kukiuza. Nilimwambia kaka yangu aliyekuwa akisoma Kisangani akitafute katika marundo ya vitabu vilivyotumika. Ilichukua muda mrefu sana. Nilibatizwa, nikamaliza mitihani, nikaanza masomo ya uuguzi, na kila tulipokutana Mama Pasta hakuanza na habari za nyumbani. Alianza na hii: "Ule Kijana. Anarudia ao harudie?" Aliuliza mlangoni mwa kanisa, aliuliza penye bomba la maji. Mara moja aliuliza katikati ya harusi ya mtu, akininong'oneza huku bibi arusi anaingia. Nilikuwa kijana, na wakati mwingine nilicheka. Yeye hakucheka.

Alikuwa na tabia nyingi ambazo nikizikumbuka hazipatani. Alikemea uvivu, lakini alilala kila Jumapili mchana mpaka jua linashuka, mlango wazi, akikoroma. Alichukia mbwa, akapika kila siku ugali wa ziada kwa mbwa mmoja wa barabarani, na kila siku akamfukuza baada ya kumlisha. Nguo zake zilikuwa safi kupita zetu sote, ila viatu vyake havikufanana, kimoja cha kahawia, kimoja cheusi, na ukimwambia alisema miguu nayo haifanani. Hakumkumbatia mtu. Ukifiwa, alikuja kwako kimya na kuanza kuosha vyombo.

Kitabu cha pili kilifika ndani ya mzigo wa mwanafunzi mwenzake kaka yangu, jalada limepigwa na maji, kurasa zote zipo. Nilikimbia nacho Saio. Mama Pasta aliosha mikono, akafunika kinu. Siku hiyo hakutwanga kabisa. Akapaza sauti ng'ambo: "Dada! Kimekuja!" Na mjane akaja na ungo wake.

Tulikisoma kwa majuma kadhaa, kila nilipotoka hospitalini kwenye mazoezi. Kilikuwa kirefu kuliko cha kwanza na chenye huzuni zaidi. Muzee anakufa akifunika mayai kwa mabawa yake, na Mama Pasta alilia waziwazi, akasema huyu alikuwa mutu. Vita vinafika kijijini kwa Binti. Joka jeusi linaonekana angani mara mbili tatu, na aliyelipanda hatambulikani. Kila nilipofika hapo, nilisikia pumzi mbili zinasimama, moja kushoto kwangu na moja kulia, wala sikuhitaji kutazama.

Halafu ikafika sura ya mwisho. Joka jeusi limeuawa. Kijana anakuja kwa miguu, amejeruhiwa, theluji inaanguka. Anafika penye lango la kijiji na kupiga mluzi kama alivyokuwa akipiga zamani. Watu wote wanausikia. Binti naye anausikia, lakini yuko mbali, amelinda mayai, hawezi kushuka. Wanakijiji wanatazamana. Hakuna anayeinuka. Asubuhi mluzi umenyamaza, na kitabu kinaishia na nyayo zinazoondoka langoni kuelekea msituni.

Nilifunga kitabu. Upande wa kulia mjane alikuwa akichambua maharage, na vidole vyake havikusimama.

"Muzuri," akasema. "Walifanya muzuri. Hapana kumufungulia."

Mama Pasta alitazama ua wa matete. Baada ya muda akauliza ningependa chai. Nikasema ndiyo, akaenda jikoni, akakaa huko mpaka mjane akakunja kitenge chake, akabeba ungo na kuvuka barabara. Aliporudi hakuwa na chai.

"Soma tena pale penye lango," akaniambia.

Nikasoma tena. Akaniambia niende nyumbani, kumekuwa karibu giza na barabara si nzuri.

Kuna tome ya tatu, iliandikwa nyuma ya jalada. Sijaitafuta.

Mvua hazikuwa zimekwisha wakati mwana wa Mama Pasta alipokuja. Ilikuwa mchana, jua kali, nami nilikuwa nimepita kuchukua sufuria ya mama yangu. Pikipiki ilisimama, akashuka kijana mwembamba aliyevaa koti zito katika joto lile. Alimlipa dereva, akasimama nje ya ua bila kuingia. Mama Pasta alimwona toka jikoni. Alizima moto kwanza, nakumbuka, alichomoa kuni moja moja na kuzimwagia maji. Kisha akatoka, akamshika kifundo cha mkono kama mtoto anayevushwa barabara, akamwingiza, akamkalisha. Akampa maji. Alipomaliza kunywa, mama yake akainama karibu na sikio lake na kumwuliza kitu kwa sauti ambayo sikuisikia. Yule kijana akatikisa kichwa: hapana. Akamwuliza tena. Akatikisa tena, na machozi yakamtoka.

Mama Pasta akanyooka, akajifunga kitenge vizuri, akavuka barabara. Nilimfuata mpaka penye mfereji. Mjane alikuwa mlangoni kwake, amekwisha kuona yote.

"Mutoto yangu amerudia," Mama Pasta akasema. "Sikutaka usikie kwa watu wengine."

"Anatoka wapi?"

"Unajua kwenye anatoka."

Mjane alipepeta ungo mara moja, makapi yakaruka. "Umuulize kama alikuwa ku barabara ile siku."

"Nimemuuliza."

"Anasema nini?"

"Anasema hapana."

"Na weye unamuamini?"

Mama Pasta alingoja pikipiki zipite. "Mi ni mama yake," akasema.

Mjane akaweka ungo chini. Sauti yake haikuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Mi sitakuja tena kwako, Mama. Lakini sitaita watu."

Yule mwana alikaa kwa mama yake majuma machache. Alitoka msituni bila silaha, alisema, akangojea na wenzake mahali walipoambiwa na serikali wangoje, chakula kikaisha, ahadi zikaisha, akaondoka. Alikuwa mpole kuliko nilivyotarajia na mwoga kuliko nilivyotarajia. Sufuria ikianguka, yeye alikwisha kuwa nyuma ya mlango. Alirekebisha ua wote. Aliniita Ya, dada mkubwa, ingawa tulikuwa karibu rika moja.

Siku moja aliniona nimeketi na Mama Pasta, akauliza kile kitabu kilikuwa cha nini, mama amemwambia kuna kijana ndani. Mama Pasta akasema, bila kunitazama, nimsomee mwisho. Nilisitasita. "Usome," akasema. Nikasoma lango, theluji, mluzi, watu wanaotazamana, nyayo. Alisikiliza akichezea kipande cha tete.

"Na mama yake," akauliza, "alikuwa wapi?"

Nikapekua. Nilikuwa nimesoma vitabu vyote viwili, baadhi ya sura mara mbili, na sikuwahi kujiuliza. Kijana alikuwa wa kulelewa. Mama hakutajwa popote.

"Hayuko," nikamwambia. "Hawakumwandika."

"Ndiyo!" Mama Pasta akapiga goti lake. "Ndiyo maana! Niliona kitu inapunguka. Ile mwandishi alisahau mama yake. Angekuwa mule kijijini, watu wanatazamana nini? Angefungua." Sauti ikampanda, kisha ikakatika. Mwanawe akaweka kichwa chini, juu ya bega la mama yake, mbele yangu, mchana ule, na yeye asiyemkumbatia mtu akaacha kichwa kikae.

Jumapili alimpeleka kanisani. Nilikuwa katika kwaya, niliwaona wanaingia. Alimvalisha shati la marehemu baba yake, kola kubwa mno shingoni. Wakakaa katika benchi lake la siku zote. Watu waliokuwa wamekaa hapo wakasogea, si kwa kelele, kila mtu kama amekumbuka kiti kingine, mpaka wakabaki wawili katika benchi zima. Pasta alihubiri. Mama Pasta aliimba nyimbo zote, beti zote, sauti yake mbovu ikipasua ile nafasi tupu.

Mchana huo vijana wa mtaa wakaja. Hawakuwa wengi. Walirusha mawe juu ya bati, wakapiga kelele atoke. Nilikuwa njiani kuleta dawa ya kifua ya Mama Pasta, nikasimama mbali kwa hofu. Mama Pasta alitoka na mchi mkononi na kusimama penye ua mpya. Ng'ambo, mlango wa mjane ukafunguka. Akatoka, akasimama kizingitini kwake, mikono imeshuka. Aliwatazama tu wale vijana. Wengi wao walikuwa wamemzika mumewe pamoja naye, walikuwa wamebeba jeneza lisilo na mtu ndani. Mmoja akaangusha jiwe. Wakaondoka wakivuta miguu. Mjane akarudi ndani, akafunga. Mama Pasta alisimama pale muda mrefu akiutazama ule mlango, nadhani akingoja ufunguke tena.

Alfajiri kijana akaenda zake. Alisema anakwenda kuchimba dhahabu, huko hakuna anayeuliza mtu ametoka wapi. Mama yake alimkaangia karanga za njiani. Mtaani walisema amerudi msituni, machimbo ni maneno tu, na waliosema hivyo walisema karibu na mama yake, asikie. Alisikia. Aliendelea kuja kanisani, na benchi halikujaa tena. Hata mimi nilikaa kwenye kwaya, kwa kuwa ndipo mahali pangu palipokuwa.

Baada ya mavuno aliondoka Saio kwenda Boga, kwa mdogo wake wa kike anayelima huko. Hakuaga kanisa. Kinu chake alikivingirisha mwenyewe barabara nzima, akakiacha mlangoni mwa mjane. Mjane alikiingiza ndani. Namwona bado akikitumia.

Mwaka uliopita, barabara ilipokuwa imetulia kidogo, tulipelekwa Boga kuchanja watoto. Kazi ilipokwisha nilimwomba dereva saa moja, nikauliza watu nyumba ya mama mgeni kutoka Bunia. Wakanielekeza kwenye kilima, toka pale unaona bonde la Semliki lote na, siku hiyo, weupe wa milima mirefu nyuma yake. Uani kulikuwa na watu. Wanawake walikuwa wanateremsha mizigo ya kuni, mmoja ameleta unga, mwingine ndizi. Wanaume walikuwa wanafunga turubai juu ya miti. Nilijua ni nini kabla ya kumwona.

Alikuwa chini, juu ya mkeka, miguu imenyooshwa, nywele zimenyolewa. Nikapiga magoti.

"Umekuja," akasema. "Nani alikuambia?"

"Hakuna, Mama. Nilikuja kwa kazi."

Akaniambia kwa maneno machache. Simu ilikuja juzi, toka kwa mtu aliyekuwa akichimba pamoja na mwanawe. Shimo lilibomoka likiwa na watu ndani. Walitoa wawili, hawakumfikia yeye. "Alikuwa anachimba tu," akasema. Akanishika mkono kwa nguvu. "Unasikia? Huyu mutu wa simu, alikuwa naye siku zote tangu alitoka kwangu. Alikuwa anachimba tu."

"Nimesikia, Mama."

"Utaambia watu wa Saio?"

"Nitawaambia."

Hakuniuliza habari ya kitabu, nami sikukitaja. Nilikaa karibu naye. Watu waliendelea kuingia, wakiinama, wakisema pole, wakiweka walichobeba. Hakuna aliyesogea mbali. Walijua tu kwamba mtoto wa yule mama wa Bunia amekufa na hakuna mwili wa kuzika. Bibi mmoja mzee, jirani, alijisogeza juu ya mkeka mpaka magoti yao yakagusana. Akauliza, kama wanavyouliza siku zote katika kilio: "Alikuwa mutoto wa namna gani?"

Mama Pasta akamtazama kana kwamba hakuelewa. Kisha akaanza. Alisema kwamba alizaliwa kabla ya wakati, mdogo kama kuku, wakamweka katika kikapu cha pamba karibu na moto. Alisema alichelewa kutembea na akawahi kuimba. Alisema alipenda maganda ya ugali yaliyoungua chini ya sufuria, akapigana na dada zake kwa ajili ya hayo, na siku moja akaungua ulimi, akaficha, mama yake akajua kwa kuwa hakuongea mchana kutwa. Wanawake walicheka. Mmoja akasema wake pia hupenda hayo maganda. Mama Pasta akageuka kwake, akamwuliza wake ni wa ngapi, kisha akaendelea.

Honi ya gari ililia barabarani mara mbili. Niliinuka, nikangoja anitazame niage. Alinyoosha mkono bila kugeuka, akanigusa mguu mara moja, akauondoa mkono aonyeshe urefu wa mtoto kutoka chini, hivi, alikuwa hivi, siku ya kwanza alipomfuata baba yake kanisani. Nilishuka kilima. Nilipofika garini niliweza bado kusikia sauti yake, siyo maneno, na mlio wa kuni zikipasuliwa.